Yatima Mwenye Baba Tlawi

"Dada Restituta, kati ya wale yatima wote uliowahudumia Malawi, ni yupi uliyempenda kuliko wengine?"

Swali lilitoka kwa msichana mmoja wa kwaya, tena kwa nia njema kabisa. Ukumbi wa kigango cha Tlawi ulikuwa umejaa vijana waliokuja kumsikiliza Restituta, binti wa mzee Margwe, aliyekuwa amerudi kutoka Malawi baada ya mwaka na ushee wa kujitolea katika makao ya watoto yatima. Pembeni yake, kwenye meza yenye kitambaa cheupe, alikaa mchumba wake, Sylvester Hhando: mwenyekiti wa vijana, mkulima wa vitunguu saumu, na mtunzi wa beti zilizosomwa kila sikukuu ya kigango. Jumapili iliyopita ndoa yao ilikuwa imetangazwa kanisani kwa mara ya kwanza.

"Yupo mmoja," Restituta alijibu. "Ana jino moja tu, la chini. Akicheka anaficha uso kifuani kwako, kama vile umemfumania."

Vijana wakacheka.

"Anaitwa nani?"

Restituta akageuka taratibu, akamtazama Sylvester.

"Muulizeni mwenyekiti. Nilimwambia jina lake."

Sylvester akakohoa. Akakivuta kipaza sauti.

"Jamani, muda wetu umekwisha. Tumshukuru dada yetu kwa moyo wake wa huruma. Makofi kwake!"

Makofi yakapigwa mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. Restituta aliinama akaokota mkoba wake, akatoka nje kwenye ukungu.

Sylvester alimkuta nyuma ya kanisa, karibu na tanki la maji.

"Resti, ulitaka kuniua mle ndani?"

"Kwa kutaja jino la mwanao?"

"Sauti, Resti! Sauti!"

"Mwanao, Sylvester. Mwanao, mwanao. Nimekaa wiki nzima natabasamu kwa watu wanaonisifu nimelea watoto wa wenzangu. Wangu nimemwacha mikononi mwa Sista Lucia, anakoroga uji wake kwa kijiko nilichonunua mimi."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana nini? Sema, nisikie kwa mdomo wako."

Walichokubaliana ni hiki. Mwaka uliopita, posa ikiwa imeshapokelewa, mzee Ignasi Hhando, baba yake Sylvester, alifariki. Wakubwa wa ukoo wakasema hakuna harusi mpaka msiba uondolewe. Siku hizo hizo Restituta akajigundua ana mimba. Na kwao, binti akizaa kabla ya kuolewa hawezi kubaki chini ya paa la baba yake. Wazee wanaamini anaiharibu ardhi, na mzee Margwe, pamoja na ukristo wake wote, katika hilo alikuwa mzee kuliko wazee.

Basi kanisani likaja tangazo la kundi la wajitolea waendao Malawi kuhudumia yatima. Sylvester ndiye aliyempelekea padri jina la Restituta. Ndiye aliyemwambia, "Nenda, mpenzi. Zaa huko. Ukirudi tutafunga ndoa, kisha tutakwenda kumchukua kama yatima tuliyemhurumia. Watu watatusifu." Akamtungia na beti za kumuaga. Watu walizipenda mno.

"Tulikubaliana tufunge ndoa kwanza," Sylvester alisema.

"Na mama yako umeshamwambia kwamba kuna mtoto anakuja?"

"Nitamwambia."

"Leo."

"Leo nina kikao cha..."

"Leo, Sylvester."

Jioni ile, mama Getruda alikuwa anakama. Mwanawe akasimama kwenye mlango wa zizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mgeni? Shika ndama huyo."

Sylvester akamshika ndama. Akatafuta maneno, yeye ambaye maneno ndiyo yaliyokuwa fahari yake.

"Mama, mimi na Restituta tumefikiri jambo. Tukishaoana, tungependa kumchukua mtoto mmoja yatima kutoka kule Malawi. Tumlee hapa."

Mikono ya mama ikasimama kwenye chuchu za ng'ombe.

"Yatima wa nani?"

"Hajulikani."

"Mtoto hachipui kama uyoga. Baba yake wa ukoo gani?"

"Hajulikani, mama. Ndiyo maana ni yatima."

Mama Getruda akaiweka kata ya maziwa chini.

"Nisikilize. Nilipofiwa na mwanangu wa kwanza, kabla yako, mimi na baba yako tulifunga lango kwa tawi la mti. Mavuno yakapita yakaja mengine, hatukutoka. Hatukumpa jirani moto, wala jirani hakutupa maji. Hatukwenda mnadani wala ngomani. Kanisa lilikuwa linatukataza mambo hayo, lakini tulikaa. Unajua kwa nini tulikaa?"

"Hapana, mama."

"Kwa sababu alikuwa wetu. Sasa huyo wako wa kuokota, akifa humu ndani, nani atamkalia msiba? Nitawaambia majirani ninalia ukoo gani? Hapana. Mpe nguo, mtumie sukari, muombee. Hapa asije."

Neno moja tu lilihitajika pale. Ni wangu. Mtoto mdogo anaweza kulitamka. Sylvester alimwachia ndama, ndama akamkimbilia mama yake, na Sylvester akatoka zizini akiwa amelimeza neno lile.

Usiku huo simu ya Restituta ikaita mlio wa ujumbe.

"Nimezungumza na mama. Ni mgumu kidogo. Tumpe muda."

Akajibu papo hapo: "Ulimwambia ni mjukuu wake?"

Alama mbili za bluu zikaonekana. Amesoma. Jibu halikuja.

Jumapili ya pili ndoa ikatangazwa tena. Kwa mzee Margwe wanawake walianza kukusanya mahindi ya pombe, mashangazi wakawa wanapima vitambaa. Jumatano asubuhi Restituta alikuwa shambani kwa baba yake, anang'oa vitunguu, simu ikaita. Namba ilikuwa ya Malawi.

"Sista Lucia, tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Resti, usiogope. Mtoto ana homa. Tumempima, ni malaria. Ameanza dawa."

"Ananyonya chupa?"

"Kidogo. Anageuza kichwa. Nadhani anatafuta harufu anayoijua."

Restituta akakaa juu ya vitunguu.

"Sista, nije?"

"Mimi siwezi kukuamulia. Lakini umeniambia baba yake yupo na mko karibu kufunga ndoa. Njooni wawili, mmchukue mtoto wenu. Huku tumejaza watoto wasio na mtu. Huyu ana watu."

Akampigia Sylvester. Hakupokea. Akapiga tena. Akaandika: "Ignasi anaumwa. Homa. Twende wote kesho. Mwambie mama yako ukweli leo."

Majibu yalikuja adhuhuri. Yalikuja yamepangwa vizuri, yana vina vya kati na vya mwisho:

"Ewe nuru ya milima, moyo wangu watetema,
Nipe siku za kupima, nijipange kuja sema,
Subira ndiyo heshima, haraka huleta homa,
Tutavuka kwa salama, niamini wangu mama."

Restituta alisoma mara ya kwanza. Alipofika mstari wa tatu akasimama. Kisha akampigia, na safari hii akapokea.

"Umeandika homa ili upate kina?"

"Resti, nilikuwa nataka kukutuliza..."

"Mwanao ana homa ya kweli, wewe unaitafutia kina! Beti zako zina kila kitu, Sylvester. Zina milima, zina nuru, zina moyo. Jina la mtoto tu ndilo halimo."

"Nikisema sasa hivi nimekwisha. Unaelewa? Mimi ni mwenyekiti. Mimi ndiye ninayewafundisha vijana usafi wa moyo. Padri ataniangaliaje? Baba yako ataniangaliaje?"

"Na mimi nikirudi na mtoto mgongoni peke yangu, wataniangaliaje?"

Kwenye simu alimsikia akisafisha koo.

"Jibu."

"Jumapili," alisema hatimaye. "Tangazo la tatu likishasomwa, nitasimama niseme mbele ya wote. Naapa kwa kaburi la baba."

"Jumapili ni mbali kwa mtoto mwenye homa."

"Dawa ameshaanza. Jumapili, Resti. Nisimame kama mwanaume, mara moja, iishe."

Alimwamini. Tusimcheke. Nani kati yenu hajawahi kumwamini mtu kwa sababu tu alikuwa amechoka kutomwamini?

Jumapili hiyo kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Getruda alivaa kanga mpya. Mzee Margwe alikaa mbele, kofia magotini. Baada ya komunyo padri akafungua daftari la matangazo.

"Tangazo la tatu na la mwisho. Wanatarajia kufunga ndoa takatifu Sylvester Ignasi Hhando na Restituta Margwe, wote wa kigango hiki. Mwenye kujua kizuizi chochote kuhusu ndoa hii anawajibika kutoa taarifa."

Upande wa wanaume, Sylvester alikuwa ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Restituta alimtazama kutoka upande wa wanawake. Simama. Padri alikuwa tayari anafunua ukurasa wa michango ya zahanati. Simama, mwanaume wewe, mtu mzima. Sylvester akatazama viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri sana.

"Padri," Restituta alisema.

Kanisa zima likageuka.

"Padri, kizuizi ninacho mimi. Nina mtoto wa kiume. Yuko Malawi, kwenye yale makao mliyonipongeza kwa kuyahudumia. Nilimzaa huko. Anaumwa, na sitaki tena kumwita yatima."

Shangazi mmoja alipiga yowe. Mzee Margwe hakutikisika, ila kofia ilianguka kutoka magotini mwake.

Padri akashuka ngazi ya altare. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Binti yangu, baba wa mtoto ni nani?"

Hapo, ndugu msomaji, ndipo mbingu yenyewe ilipompa Sylvester nafasi ya pili. Restituta hakumtaja. Alisema tu:

"Yumo humu ndani au hayumo, yeye anajua. Ana mdomo. Mimi sitamsemea."

Akasubiri. Padri akasubiri. Mtoto wa mtu akalia nyuma kule, akanyamazishwa. Sylvester Hhando, mtunzi, mwenyekiti, bingwa wa vina, alikaa kimya.

Mzee Margwe akainuka.

"Twende nyumbani, mama yake Resti. Huyu amemaliza." Akapita karibu na binti yake bila kumtazama. "Vitu vyako utavikuta nje ya ua."

Nje ya kanisa wanaume walimzunguka Sylvester. Wakamshika mabega.

"Pole sana, mwenyekiti."

"Afadhali umejua mapema, ndugu yangu. Angekuletea Mmalawi ndani ya nyumba!"

"Wanawake wa safari, hao. Mungu amekuokoa."

Na Sylvester, nasema haya kwa hasira na siyafichi, alizipokea pole zile. Alizipokea zote. Akaitikia, "Asanteni. Ni mapenzi ya Mungu."

Restituta alikuwa hatua chache tu, amebeba mkoba wake. Alisikia.

Kesho yake alfajiri aliteremka mjini Mbulu, akapanda basi la Babati. Simu ya Sylvester ikamkuta stendi ya Babati, akisubiri gari la Dodoma.

"Resti, nisikilize. Nilishikwa na ganzi. Miguu ilikataa."

"Miguu ilikataa. Na mdomo uliosema asanteni, ulikuwa wa nani?"

"Nitarekebisha."

"Sylvester, mimi sikuandikii tena wala sikupigii. Naomba kitu kimoja. Mwambie mama yako jina la mwanangu. Basi. Hata kama hatamtaka, ajue kwamba duniani kuna mtu anaitwa hivyo."

Akakata.

Siku mbili Sylvester alizunguka na jina lile mdomoni kama kaa la moto. Siku ya tatu mama yake alimkuta ameketi juu ya jiwe la kusagia, hajala.

"Bado unamlilia yule? Mwache. Amekudhalilisha."

"Mama, hakunidhalilisha."

"Nini?"

"Mtoto ni wangu."

Mama Getruda alikuwa na ungo mkononi. Hakuuangusha. Aliuweka chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Rudia."

"Mtoto ni wangu, mama. Nilijua tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyemtuma kule."

"Anaitwa nani?"

"Ignasi."

Mama akatafuta mahali pa kukaa. Hakupaona, akakaa chini, kwenye vumbi, na kanga yake safi.

"Ulikuja zizini kwangu," alisema, "ukaniambia hajulikani. Jina la baba yako unalo kinywani, na unaniambia hajulikani. Sylvester, wewe ulimfanya baba yako yatima?"

"Niliogopa, mama. Ulisema asije."

"Nilisema asije mtoto wa kuokota! Mtoto ambaye baba yake amesimama akasema huyu ni wangu, anakuwa na ukoo, hata azaliwe wapi. Hujui hilo? Umekulia wapi wewe? Ningemfuata mwenyewe. Ningemleta kwa mgongo huu huu, na Margwe ningekwenda kumpigia magoti. Neno moja tu, mwanangu. Lilikuwa na uzito gani?"

Akajizoa akaingia ndani. Alitoka na mbeleko ya zamani, ile iliyombeba Sylvester mwenyewe, na kibuyu kidogo cha samli.

"Nenda. Leo hii. Mbebe kwa hii. Mwambie Restituta nyumba hii ni yake, kwa ndoa au bila ndoa. Mpigie, nataka kumsikia mjukuu wangu akilia."

Sylvester akapiga. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kifua chake kilikuwa chepesi. Simu iliita sana, ikapokelewa.

"Resti! Resti, nimemwambia mama. Nimesema! Yuko hapa, anakuita nyumbani. Nakuja kuwachukua wote wawili, nina mbeleko mkononi. Mpe simu Ignasi, bibi yake anataka..."

"Huyu ni Sista Lucia."

"Shikamoo Sista. Mimi ni Sylvester. Mimi ndiye baba wa Ignasi."

Upande wa pili alisikia mlango ukifungwa.

"Sista?"

"Pole, baba Ignasi," Sista alisema, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo kabla. "Malaria ilipanda kichwani. Mama yake alifika jana mchana. Sisi tulikuwa tumeshamzika asubuhi. Joto la huku haliruhusu kusubiri."

Mama Getruda alikuwa anamtazama mwanawe usoni. Hakuhitaji kuambiwa. Akakifunika kibuyu.

"Naomba niongee na Resti," Sylvester alisema.

Simu ilipokezanwa. Kisha sauti yake ikaja, kavu, kama ya mtu anayesoma ubaoni.

"Nimesikia ulivyomwambia Sista."

"Resti, mke wangu..."

"Usiniite hivyo. Nilikwenda kaburini. Ziko safu tatu za watoto. Wote wamewekewa msalaba wa aina moja. Wa kwake wameandika Ignasi, chini yake wameandika yatima, kama kwa wote. Sista ameahidi watalifuta. Nimemwambia wasilifute."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siku aliyokufa alikuwa hivyo. Jumapili nilisubiri umpe baba, ukapokea pole. Sasa pole ni yako, ipokee."

"Rudi nyumbani. Mama ameridhika. Tutaanza upya. Tutapata..."

"Hapa kuna watoto wanaolia. Wao hawana mtu wa kumsubiri, na mimi sina. Tutaelewana. Kwaheri, Sylvester. Msalimie mama. Mwambie alikuwa na jino moja, la chini."

Namba ile haikupatikana tena.

Baada ya hapo Sylvester alitoka nje. Alikata tawi bichi kwenye mti wa mpakani, akalilaza katikati ya lango, kama wazazi wake walivyofanya zamani. Mama yake hakumzuia. Alizima moto wa jikoni, akauwasha upya peke yake, akakaa nao.

Asubuhi jirani yao Benedict alifika na kigae, kuomba kaa la kuwashia moto. Akaliona tawi, akarudi nyuma nusu hatua.

"Mwenyekiti! Kuna nini humu? Mama mzima?"

"Mama mzima."

"Sasa mbona mmefunga? Hii ni ya watu waliofiwa na mtoto."

"Ndiyo."

"Mtoto wa nani?"

"Wangu. Anaitwa Ignasi."

Benedict alimkodolea macho. Maneno ya kanisani yalikuwa yanajipanga upya kichwani mwake, moja baada ya jingine, mpaka uso wake ukabadilika kabisa.

"Na zile pole tulizokupa Jumapili?"

Sylvester aliinama akalinyoosha tawi langoni. Benedict alikigeuza kigae chake, akakifunika kwa kofia kana kwamba hata hewa ya ua ule ingeweza kukigusa, akaondoka bila kuaga.

Habari zilifika kilabuni kabla ya jua kusimama. Vijana wakachagua mwenyekiti mwingine. Mzee Margwe alipita njia ya mbali siku zote, na hakuwahi kumtafuta binti yake. Vitunguu vya Sylvester vilikomaa vikaoza ardhini, maana anayekaa kwa ajili ya mtoto haendi sokoni, wala hakuna anayekuja kununua kwake.

Aliandika ubeti mmoja tu katika msimu ule wote. Ulikuwa na mizani sahihi, na jina la mtoto lilikuwamo. Akautuma kwenye namba ile ile ya Restituta.

Alama ikabaki moja. Ya kijivu.